Nani Aliishi Hapa?

Kabla wasanii hawajaitwa, vita tayari vinapiganika. Aliyebuni leveli ya mchezo wa risasi wa kompyuta amekwisha kupanga masanduku ya kijivu: hili ni nyumba, lile ni lori, ule mteremko ni ngazi. Wachezaji wa majaribio wanaingia humo, wanakimbia, wanajibanza nyuma ya masanduku, wanafyatua risasi, wanakufa, wanarudi tena. Wanashangilia. Umbali wa kutoka mlangoni hadi dirishani umepimwa kwa kasi ya miguu na masafa ya bunduki, na hakuna kinachokosekana ili mchezo uitwe mchezo. Ndipo linapoingia kundi la wasanii pamoja na kiongozi wao, na hapo naliona swali ambalo kiongozi huyo hawezi kulikwepa, hata kama halitamki: ikiwa mchezo unachezeka bila sisi, tumeitwa kufanya nini?

Jibu la haraka ni kwamba wameitwa kupamba. Tulipime. Pambo ni kile unachoweza kukiondoa na kitu kilichopambwa kikabaki kilivyokuwa. Kama kazi ya wasanii ni pambo, basi mtu aliyepita kati ya masanduku ya kijivu na mtu aliyepita katika mtaa uliokamilika wangetoka na jambo lilelile moyoni. Lakini sivyo. Wa kwanza atakwambia alishinda au alishindwa. Wa pili atakwambia alikuwa wapi.

Jibu jingine husema wameitwa kuiga uhalisia: kila ufa wa ukuta uwe ufa kweli, kila kutu iwe kutu kweli. Hili lina uzito zaidi, maana jicho la mchezaji wa leo limezoea picha safi na halivumilii ukuta wa karatasi. Hata hivyo, unaweza kutengeneza ukuta wenye kila ufa na usiseme neno. Ufa una maana pale tu unapojua, au unapohisi, kwamba chini yake palikuwa na kitanda cha mtu, na mtu huyo alikuwa akiutazama kila usiku akijiuliza lini atapata saruji.

Kwa hiyo naona jibu liko mahali pengine, na linahitaji nitenganishe mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya. Eneo ni ukubwa unaopimika: hatua kadhaa huku, hatua kadhaa kule. Mahali ni eneo lililobeba alama za mapenzi ya mtu aliyekuwapo kabla yako. Mtu aliyesogeza kiti dirishani kwa sababu alipenda jua la asubuhi ameligeuza eneo kuwa mahali, hata kama amekwisha kuhama. Wasanii wa leveli wameitwa kuwaleta watu wasioonekana. Na kazi ya kiongozi wao, ukiivua majina yake yote ya kiofisi, ni kuuliza swali moja mbele ya kila chumba: nani aliishi hapa?

Mfano ambao sijaona ulioupita ni mji wa City 17, katika mchezo wa Half-Life 2 uliotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwezi Novemba 2004. Mkurugenzi wake wa sanaa alikuwa Viktor Antonov, mzaliwa wa Sofia, Bulgaria, aliyeondoka kwao angali kijana. Mji ule aliuumba kutokana na Sofia ya utoto wake, akauchanganya na Belgrade na St. Petersburg. Mchezaji anashuka kwenye treni na kuingia katika stesheni kubwa ya kale. Akitoka nje anakuta uwanja wenye majengo ya fahari ya karne zilizopita, kisha maghorofa ya zege ya enzi za ukomunisti, na juu ya vyote hivyo kuta za chuma za wavamizi waliotoka ulimwengu mwingine, kuta zinazosogea na kuyatafuna majengo ya binadamu. Enzi tatu zimekaa katika barabara moja. Hakuna mzee aliyetokea kukusimulia historia, na bado umeijua.

Katika mji huo kuna uwanja wa kuchezea watoto. Bembea zipo. Watoto hawapo, wala hutamwona hata mmoja katika mchezo mzima. Anayezisikiliza kwa makini hotuba za mtawala zinazorushwa kwenye skrini za mitaani atagundua sababu: wavamizi wamezuia binadamu wasizae. Lakini asiyesikiliza hotuba, yule aliyekuja kupiga risasi tu, naye amepita kando ya bembea, na kuna kitu kimemgusa asichokijua jina. Bembea hiyo haimfichi mtu na haizuii risasi. Katika hesabu ya masanduku ya kijivu isingekuwapo kabisa. Ipo kwa sababu kuna mtu kwenye timu aliyejiuliza mji huu ulikuwa wa nani kabla haujawa uwanja wa mapambano, na kuna kiongozi aliyeona kwamba swali hilo lina haki ya kupewa muda na fedha.

Hapo tumefika kwenye uongozi. Neno hili hutumika ovyo, kwa hiyo nitasema ninachokikusudia. Uongozi katika kazi hii ni uwezo wa kuwafanya watu wengi wakumbuke kwa pamoja jambo ambalo halikutokea. Mmoja anachora lipu iliyobanduka, mwingine anapanda miti, wa tatu anaweka mwanga, wa nne anatengeneza masufuria na viti. Kila mmoja amekulia penye kuta tofauti, na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kuta hizo. Wote wanaweza kuwa mafundi hodari, na bado mtaa ukatoka kama duka la vitu vizuri, kila kitu kimepangwa kwenye rafu na hakuna kinachojuana na mwenzake. Kuwapa amri hakusaidii sana. Amri inaweza kumwambia mtu achore kabati. Haiwezi kumfanya aijue familia iliyolitumia.

Tuseme kijana wa timu analeta kabati la mbao lililochongwa. Amelifanyia kazi kwa majuma, na ni zuri kweli: maua ya mbao, vishikio vya shaba, kivuli kinachoingia katika kila mchongo. Analiweka katika chumba cha mfanyakazi wa kiwandani, ghorofa ya tano. Kiongozi analitazama kwa muda, kisha anauliza, "Nani alilinunua?" Kijana hana jibu. Kiongozi mwenye haraka angeliondoa, na angekuwa na haki. Kiongozi ninayemfikiria anangoja. Baada ya siku mbili kijana anarudi: "Ni la bibi yake. Lilitoka kijijini." Basi kama lilitoka kijijini lilipandishwaje ngazi tano? Kwa kuburutwa. Kona zake zimechubuka, na mlango wa chumba una mkwaruzo kwa urefu uleule. Halikutosha ukutani, kwa hiyo limeziba nusu ya dirisha, na upande huo chumba kina giza. Sasa kabati halitoki tena. Hata aliyebuni leveli amefurahi, maana kwenye lile giza adui anaweza kujificha.

Naupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kiongozi alichokitoa na alichokipata. Mara nyingi mtu hupewa uongozi wa wasanii kwa kuwa mkono wake ulikuwa bora kuliko wa wenzake, na siku anayopewa ndipo mkono huo unapoanza kukaa bure. Anatazama, anauliza, anakataa. Huenda ikapita miezi asichore kitu ambacho mchezaji atakiona. Je, huko ni kupoteza usanii? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na naelekea kuamini kwamba kuna ubunifu wa kukifanya kitu na ubunifu wa kukingojea kwa namna inayomwezesha mwingine kukifanya. Huu wa pili hauna sahihi ya mtu chini yake. Pengine ndiyo maana tunausahau tunapohesabu wasanii.

Kuna lililo gumu zaidi. Kazi hii yote inafanywa kwa ajili ya mtu anayekimbia. Half-Life 2 ilitengenezwa kwa takriban miaka mitano. Mchezaji hupita katika chumba kwa sekunde chache, macho yake yakimtafuta adui. Na sheria ya mchezo wa risasi haina huruma katika jambo moja: adui lazima aonekane. Ukuta ukiwa na mvuto kuliko mtu, mchezaji atauawa na asiyemwona, na atakuwa na haki ya kukasirika. Katika Team Fortress 2 ya mwaka 2007, Valve hiyohiyo iliwachora wahusika wake kwa kufuata nyayo za J. C. Leyendecker, mchoraji wa majarida wa Marekani, hata ukamtambua kila mmoja kwa umbo lake tu akiwa mbali. Kuta zilipewa kazi ya kunyamaza. Upande wa wekundu ulijengwa kwa mbao na rangi za joto kama mazizi ya shambani. Upande wa buluu kwa zege, chuma na rangi za baridi. Mchezaji anajua yuko kwa nani bila kusoma kibao. Fundi aliyejifunza miaka mingi kuchora ukuta mzuri anaambiwa aurudishe nyuma ili mtu apite mbele yake.

Je, thamani ya kitu inapungua kwa kutotazamwa? Wengi wetu tungejibu ndiyo bila kufikiri, kwa kuwa tunaishi katika zama ambazo kutazamwa kumekuwa kipimo cha kila kitu. Lakini kutazama ni jambo moja na kukaa ndani ya kitu ni jingine. Unachokitazama kiko mbele yako na unaweza kukipa kisogo. Unachokaa ndani yake hukitazami, na bado ndicho kinachoamua unavyojisikia. Yule mchezaji hataukumbuka mkwaruzo wa mlangoni, ila ameingia ndani ya nyumba ya mtu na si katika sanduku. Hawezi kuthibitisha. Mwili wake umejua.

Hapa msomaji aliyewahi kucheza atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atanitajia Dust, ramani ya mchezo wa risasi wa Counter-Strike iliyotoka mwaka 1999, na mwenzake Dust2 ya mwaka 2001. Zote mbili zilibuniwa na Dave Johnston, aliyekuwa bado kijana tu huko Uingereza. Ni kuta za rangi ya mchanga, matao, masanduku ya mbao. Nani aliishi humo? Huwezi kusema. Hakuna jiko, hakuna kitanda. Na bado Dust2 imechezwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wapo wanaoijua kona kwa kona kuliko mtaa waliozaliwa. Je, si dhahiri kwamba mahali huzaliwa na wachezaji wenyewe, na swali langu halina kazi?

Nakubali sehemu. Dust2 ni kama uwanja wa mpira: nyasi na mistari, hakuna aliyeishi pale, lakini kila kipande kina kumbukumbu ya bao au ya kilio, na kumbukumbu hiyo waliileta waliocheza. Kuna maeneo yanayogeuzwa mahali kwa kurudiwa. Ninachokataa ni kwamba hilo linamaliza shauri. Uwanja wa mpira haujifanyi kuwa nyumba ya mtu. Siku msanii anapotundika picha ukutani au anapoandika jina la duka juu ya mlango, amekwisha kusema kwamba kuna mtu, na kuanzia hapo hawezi tena kujitetea kuwa alijenga uwanja tu. Amemwita mwenyeji. Sasa inampasa amjue.

Na asipomjua? Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 ilikuwa na ramani ya mtaa wa mabanda wa Rio de Janeiro. Msalani, katika nyumba moja ya ramani hiyo, kulitundikwa picha yenye fremu ya nakshi. Mwaka 2012 wachezaji Waislamu waliitazama nakshi ile kwa karibu, wakasoma. Yalikuwa maneno ya Mtume juu ya uzuri wa Mwenyezi Mungu, juu ya choo. Malalamiko yakafika kwa kampuni yenye mchezo huo, na ramani ikaondolewa kwa muda ili irekebishwe. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Fremu kama hizo zimo katika sebule nyingi za Mombasa, Unguja na Tanga, juu, mahali pa heshima, na mtoto hufundishwa mapema asizielekezee miguu.

Sidhani kulikuwa na chuki. Ninachokiona ni fremu iliyochukuliwa kwa kuwa nakshi yake inapendeza, ikabandikwa palipokuwa patupu, na kati ya mikono yote iliyopitia kazi ile hakuna uliosimama kuuliza mwenye nyumba hii ni nani, hata awe na fremu hii, hata aitundike hapa. Swali lilelile la kabati. Lingeulizwa, jibu lisingepatikana, na fremu isingekaa. Katika mchezo huohuo mtaa wa Karachi ulipewa mabango ya Kiarabu, ilhali watu wa Karachi husoma Kiurdu. Sisi ambao Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi tunajua vyema kwamba kushirikiana herufi si kushirikiana lugha. Kwa mtu asiyesoma herufi zile, maandishi yanageuka nakshi, na wenye maandishi nao wanageuka nakshi.

Wala jambo hili haliwahusu watu wa mbali na studio peke yao. Mwaka 2007 Kanisa la Uingereza lililalamika baada ya kuona kanisa kuu la Manchester likitumiwa kama uwanja wa mauaji katika mchezo wa Resistance: Fall of Man bila ruhusa, katika mji uliokuwa ukiumia kwa uhalifu wa bunduki. Sony, waliotoa mchezo huo, waliomba radhi. Nafikiri kisa hiki kinafichua kitu ambacho kile cha Rio kinakificha. Wasanii waliojenga upya kanisa lile walilitazama kwa bidii. Nguzo zake, madirisha yake, urefu wa paa lake. Walijua jengo. Waliokosa kufikiriwa ni wale wanaokwenda kusali humo Jumapili, ambao miongoni mwao huenda walikuwamo wazazi waliozika watoto waliopigwa risasi. Kumbe inawezekana kulipenda jengo na kumsahau mtu, na ustadi wenyewe ukawa ndio unaokufumba macho.

Sasa niulize lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Je, ni haki kupatendea kwa upendo mahali unapopajenga ili watu wapigane risasi? Mtu anaweza kusema kwamba upendo huo unavipamba vita; kwamba masanduku ya kijivu yana unyofu zaidi, kwa sababu hayadai kuwa kitu. Nalichukua jambo hili kwa uzito. Ziko leveli ambazo magofu yake ni mazuri mno, moshi unapanda kwa utaratibu, jua linazama nyuma ya msikiti uliobomoka, na mtu anatamani kupiga picha. Uzuri wa namna hiyo unamwambia mtazamaji kwamba kubomoka ni hali ya asili ya mahali hapo.

Lakini ona Spec Ops: The Line ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na studio ya Yager ya Berlin. Iliichukua Dubai, mji ambao Waswahili wengi wanaujua kwa biashara na kwa kazi, ikaufukia kwa mchanga. Kumbi za hoteli za kifahari zimejaa mchanga, na kadiri mwanajeshi wako anavyoshuka ndani yake ndivyo unavyozidi kukutana na waliojaribu kuishi humo. Kila pambo la kifahari linauliza walikwenda wapi waliokuwa wakikaa hapa. Unaendelea kupiga risasi, na kupiga kunakuwa kuzito. Mimi naona uzito huo ndio haki ya kazi nzima. Mchezo wa risasi hauwezi kuacha kuwa mchezo wa risasi, lakini unaweza kukataa kumdanganya mtu kwamba risasi hupita penye utupu.

Antonov alifariki Februari 2025. Nilipozisoma habari hizo nilifikiria jinsi watu wa Nairobi, Manila na São Paulo wanavyobeba kumbukumbu ya barabara ambayo asili yake ni mtoto mmoja wa Sofia aliyekuwa akitazama kuta. Alipata njia yake ya kuwaheshimu wenyeji: aliichanganya miji mitatu hata pasiwe na mtu wa kusema, hii ni nyumba yangu, mbona umeipiga bomu. Ni njia ya heshima na naielewa vizuri. Lakini ina gharama. Jina la mji halisi linapotea.

Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Andrew Kaggia ilitoa Nairobi X, mchezo wa risasi ambamo viumbe wa anga za mbali wanaivamia Nairobi. Hapo swali letu linabadilika, maana mtengenezaji haulizi tena nani aliishi hapa. Wanaishi. Wamo humo leo, wana simu, wataucheza. Kiongozi wa wasanii atakayejenga leveli katika ghorofa za Umoja au mitaa ya Kariakoo atakuwa akijenga vyumba vya watu watakaomwambia mara moja kwamba jiko haliwekwi pale, kwamba kalenda ya ukutani hutoka dukani na haina picha ya simba, kwamba mama yule asingeuacha mlango wazi. Anaweza kufuata njia ya Antonov, avunjevunje mji na kuubatiza jina la kubuni, awe salama. Mimi ningemtaka aliache jina. Miji yetu imeingia katika michezo hii mara chache mno, na ilipoingia aghalabu ilikuwa vumbi tu nyuma ya adui. Kulitaja jina la mtaa kutamlazimu aende kubisha hodi, akae, aulize, akubali kukatazwa baadhi ya milango, na arudi kwa timu yake akiwa na vyumba pungufu ya alivyotaka. Leveli itakuwa ndogo. Wabunifu watalalamika kwamba njia ya kuzungukia adui imezibwa, na itabidi awaeleze ni nyumba ya nani iliyoziba.